Hadithi ya Sita Anayoisubiri Mama Bogyong

Jumatatu, 24 Juni

Nimeanza daftari. Mwalimu Cha wa ukumbi wa wazee anasema anayeandika kila mara hasahau herufi. Nimemwambia sitampa asahihishe. Akasema, ni lako, Babu, hatasoma mtu. Vizuri.

Darasani tuko kumi na wawili — mabibi kumi na mmoja, na mimi. Miaka themanini na mmoja, na mimi ndiye wa kwanza. Mabibi wanaandika kama kuku aliyekanyaga majivu.

Leo Mwalimu kaleta kitabu. Kina hadithi sita zinazogombea tuzo. Ni hadithi za sayansi, mambo ambayo bado hayajatokea. Ya sita imeandikwa na Namgung Bogyong. Binti yangu. Mabibi wote wakanigeukia. Nikakohoa tu.

Nyuma ya kitabu kuna kadi ya posta. Ukimaliza zote sita unaandika mstari mmoja kwa kila hadithi, unachagua moja, unatuma kabla ya tarehe 31 Agosti. Nitamchagua mwanangu. Lakini kwa haki — nitasoma zote.

Mama Bogyong hajui kusoma, na sasa macho yameingia ukungu. Kakishika kitabu, kakinusa. Nisomee ya mtoto, kasema. Nikamwambia tuta huanzwa mwanzo. Akasema, "Hili si tuta, Baba Bogyong." Nani mkulima hapa?

Pilipili matuta kumi na manane. Ziko kiunoni. Nimefunga kamba ya pili ya kushikilia miche. Mzee Pyo, jirani, bado yuko kamba ya kwanza.

Alhamisi, 27 Juni

Hadithi ya kwanza. Kurasa ishirini na mbili, siku tatu, saa za mchana jua likiwa kali. Nasoma kwa sauti ili Mama Bogyong naye asikie.

Watu wako ndani ya chombo angani. Wanalima maharage bila udongo, mizizi inaning'inia majini. Aliyeandika hajawahi kushika jembe. Maharage hayo nani kayaonja? Hasemi. Lakini kuna mahali nahodha anazima taa za bustani ili watu wapate pumzi ya siku mbili zaidi. Hapo niliacha kidogo, nikaenda kutazama pilipili zangu. Zipo.

Mama Bogyong alisinzia na kisu cha vitunguu saumu mkononi.

Jumapili, 30 Juni

Bogyong kapiga simu. Hupiga Jumapili na huongea na mama yake. Mimi na yeye hatuongei, mwaka wa kumi na tisa huu. Siku tuliyomzika mama yangu alinitazama mbele ya wageni, akasema, "Bibi kafa bila kujua." Nikamwambia nyamaza. Akavaa viatu, akaondoka. Maneno ya wasomi.

Simu ya mama yake inapiga kelele, kila kitu husikika. Anataka hadithi yake asiisome Mwalimu wala mtu mwingine yeyote. Baba amsomee Mama, kwa mdomo wake mwenyewe. Akimaliza, atakuja nyumbani sikukuu ya mavuno.

Mama Bogyong kalia. Mimi nimefurahi. Kumbe amesikia kwamba baba yake siku hizi ni msomaji.

Jumatano, 3 Julai

Mvua imeingia. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji kwenye kipaza sauti: ugonjwa wa chule umeonekana bonde la pili, pulizieni dawa mvua ikikatika. Miaka hamsini shamba langu halijaona chule. Chule inaozesha pilipili za wavivu. Sikupulizia.

Jumatatu, 8 Julai

Hadithi ya pili. Mashine inamtunza bibi kizee. Inajifunza kukohoa kama marehemu mumewe ili bibi apate usingizi. Mama Bogyong safari hii hakusinzia. Akasema mashine hiyo ina adabu kuliko mtu fulani humu ndani.

Darasani nimewasimulia mabibi. Wawili wametokwa na machozi. Mwalimu Cha kaniambia nina sauti ya redio.

Mvua tu.

Jumapili, 14 Julai

Mwalimu Cha kaja kutusalimia, kaleta juisi ya zabibu. Chupa kaiweka jikoni, juu ya rafu. Mama Bogyong haoni vizuri lakini hiyo kaisikia ikigusa ubao. Akainuka, akaimimina yote kwenye bakuli, akaitoa chupa mpaka nje ya lango. Mwalimu kabaki amesimama mikono mitupu. Akauliza kama amekosea kitu.

Mgeni hawezi kujua. Jikoni kwetu hakulali chupa, mwaka wa arobaini na sita. Mchuzi wa soya uko kwenye bakuli, mafuta kwenye kopo la bati. Ni kwa ajili ya Malsun, mdogo wake Bogyong. Alikuwa na miaka minne. Chupa ilikuwa ya soda, ndani mna dawa ya wadudu. Mama Bogyong ndiye aliyeiacha jikoni. Kijiji kizima kinajua. Mama yangu hakula tena kitu cha mkono wake — alijipikia chungu chake miaka ishirini na saba, mpaka kufa.

Mimi nilimsamehe. Wanaume wengine wangemrudisha kwao. Sikumrudisha. Hilo watu hawalisemi.

Jioni Bogyong kapiga. Anauliza Baba kafika ya ngapi. Ya tatu. Baada ya simu Mama Bogyong akaniuliza, "Unadhani kaandika habari za mdogo wake?" Nikasema ni hadithi za sayansi hizo. Akasema, "Labda kaandika kama amenisamehe. Kwa mdomo hajawahi kuniambia. Ndiyo maana nataka kuisikia."

Ijumaa, 19 Julai

Tuta la saba, upande wa mtaro. Pilipili moja ina doa. La mviringo, limebonyea, kama mtu kabonyeza unga kwa kidole. Nikatafuta, nikapata nyingine mbili. Nimezitia mfukoni.

Ni jua hilo. Jua baada ya mvua huchoma.

Hadithi ya tatu nimemaliza. Kampuni inauza mvua, asiyelipa anapita chini ya wingu na hadondokewi na tone. Kwenye kadi nimeandika: aje achukue ya kwetu.

Alhamisi, 25 Julai

Si jua.

Tuta la sita, la saba, la nane, la tisa. Madoa yana pete za rangi ya chungwa, ukigusa yanateleza. Nimechuma ndoo nne kabla watu hawajatoka nje, nimezimwaga mtaroni, kule mpakani na Pyo, nyasi ni ndefu. Nimepulizia dawa sasa. Bomba la mgongoni lilikuwa jepesi zamani, siku hizi wanatengeneza mazito.

Darasani mabibi wanauliza pilipili zako vipi mwaka huu. Safi, nimesema. Nyekundu kama kilemba cha jogoo.

Hadithi ya nne nimeisoma mara mbili, sikuielewa. Mtu anaishi siku zake kwa kurudi nyuma, anaanza kwa kuzikwa, anamaliza kwa kuzaliwa. Mama Bogyong kaielewa. Akasema, huyo bahati yake, anajua mapema nani atamlaumu.

Jumapili, 4 Agosti

Ya tano imekwisha. Mji chini ya bahari. Hakuna hata mchicha.

Simu. "Baba kafika wapi?" "Kamaliza ya tano, mwanangu. Sasa ni yako." Kisha Bogyong akasema, "Asisome haraka."

Mama Bogyong kawatangazia mabibi wote ukumbini. Katoa blauzi ya kwenda harusini, kaianika. Ya nini? Mtu anasomewa, haolewi. Akasema, "Ni mwanangu anaongea na mimi. Nimpokee na nguo ya kumenyea vitunguu?"

Nimemwambia asubiri siku chache. Nataka kuisoma kwanza peke yangu, nisije nikajikwaa kwenye maneno mbele yake.

Jumanne, 6 Agosti

Nasomea kwenye banda la zana.

Watu wa zama zijazo wana kioo. Kila mtu mara moja katika maisha anaruhusiwa kuchagua siku moja iliyopita na kuitazama. Kutazama tu. Wengi wanachagua harusi, au mama aliyekufa akiwa bado kijana anachota maji. Kuna mwanamke anakwenda kwenye kioo. Karani anamuuliza, siku gani? Anasema, mchana mmoja, jikoni, kijiji cha pilipili.

Jiko ni letu. Kaandika mpaka ufa wa dirisha. Kaandika uzi wa pilipili kavu juu ya mlango, na kinu kilichovunjika mdomo. Bogyong wakati ule alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka kinu.

Nimefunga kitabu. Joto mno bandani.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefika ukurasa wa 143. Leo siandiki.

Jumapili, 11 Agosti

Nimesema daftari hili hatalisoma mtu. Basi.

Mwaka ule dawa ilikuwa shida kupatikana. Ushirika ulitoa kopo moja kubwa kwa nyumba tatu, tukagawana nyumbani kwa Pyo, kila mtu na chupa yake. Ya kwangu ilikuwa ya soda. Nikarudi nayo. Mikono ilinata. Nikaingia jikoni kunawa, nikaiweka juu ya rafu, karibu na mchuzi wa soya. Nilisema nikitoka nitaichukua. Kule kwa Pyo walikuwa wamefungua pombe ya mchele, wakaniita. Nikatoka mikono mitupu.

Ni hivyo tu. Hakuna zaidi ya hivyo.

Walipokuja kuniita kwa Pyo, nikakuta watu wamejaa uani kwetu. Mama yangu alikuwa anapiga kelele, nani kaiweka, nani kaiweka hapa? Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ni mwenye nyumba. Nikasema, "Nilimpa mke wangu mkononi. Nilimwambia aipeleke bandani." Sijui ilitoka wapi sentensi hiyo. Ilitoka nzima, kama nimeisomea.

Mama Bogyong alikuwa amempakata mtoto. Akainua uso. "Ulinipa?" Nikasema nilikupa. Siku ya tatu akaja polisi kumuuliza. Akasema, "Alinipa." Tangu hapo anasema hivyo. Wakati mwingine husema anakumbuka hata ubaridi wa chupa kiganjani. Haikuwahi kufika kiganjani mwake.

Sikujua kwamba Bogyong alikuwa nyuma ya mlango. Kwenye hadithi yuko nyuma ya mlango. Mwanamke anatazama kioo, anamwona baba, anaiona rafu, anajiona mwenyewe, mtoto, anaona na hasemi. Karani anamuuliza, umeona ulichotaka? Anasema, nilikiona tangu siku ile. Nilitaka mama yangu akione. Karani anajibu, kioo ni cha mtu mmoja tu. Ndiyo mwisho.

Kadi ina nafasi sita. Tano nimejaza.

Alhamisi, 15 Agosti

Pyo kaja. Hakusalimu. Kashika ndoo ya pilipili, zote madoa.

"Namgung, hizi ni za nani?"

Nikasema za shamba lake, sasa mimi niulizwe nini? Akasema katembea mtaro wote, kakuta lundo langu limeoza, mvua imebeba uchafu wote mpaka kwenye matuta yake. "Ungesema siku ile ile uliyoona doa la kwanza, ningepulizia. Kupulizia ni asubuhi moja tu. Lakini wewe la kwako lazima ulitupe mlangoni kwa mtu."

Nikamwambia chule ni yake, imetoka kwake imekuja kwangu. Akanitazama. Ana miaka sabini na tisa, tumechunga ng'ombe pamoja. Akasema polepole, "Nilikuona ukitoka kwangu na ile chupa. Nilikuona ukirudi kunywa bila chupa. Ulipita njiani na kurudi haraka kuliko mtu aliyekwenda kumpa mkewe kitu bustani ya chini. Alikuwa bustani ya chini, Kaka. Na mke wangu. Wanapalilia ufuta."

Sikujua kwamba anajua. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Ulikuwa umefiwa na mtoto. Nikasema atasema mwenyewe, leo, kesho. Kisha nikaona aibu kwamba sikusema." Akamwaga ndoo miguuni kwangu, akaenda zake.

Nimeziokota zote. Hakuna aliyeona, nadhani.

Jumapili, 18 Agosti

Simu. Mama Bogyong kamwambia bado. Kasema macho ya Baba yanauma. Nilimwambia hivyo mimi, tangu Jumatatu.

Bogyong akauliza, "Yanauma, au amemaliza?" Mama yake hakuelewa. Akasema, "Hata hajaanza, maskini, usimlaumu." Ananitetea. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale.

Baada ya simu akasema atamwomba Mwalimu Cha. Nikamkumbusha kwamba Bogyong kakataa. Akasema, "Basi soma. Nina miaka sabini na minane. Sikukuu imebaki mwezi. Mtoto akiingia lango hili nataka niwe nimeshajua. Kama hajanisamehe nimpigie magoti pale pale, hata viatu hajavua. Kama amenisamehe nimpikie."

Nikasema Jumamosi.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeng'oa matuta kumi na moja. Yamebaki saba, nayo yana madoa. Kipaza sauti kimesema joto la leo wazee wasitoke. Nimetoka. Mabibi wamepita na miavuli yao, wakaona. Hakuna aliyeniuliza nyekundu kama nini.

Kitabu nimekisoma tena, tangu ukurasa wa 131. Nimetafuta mahali ambapo angeweza kuwa anasema kitu kingine. Mtoto anaandika wazi. Sentensi fupi, hata mimi sijikwai.

Nimefikiri hivi. Mama haoni. Hajui herufi. Bogyong kule Seoul hasikii ninachosoma. Ni neno moja tu, mahali pamoja. Kisha mwishoni naongeza sentensi: mwanamke akamsamehe mama yake. Si ndicho anachokitaka? Atalala. Mtoto atakuja. Nani ataumia?

Tena si uongo mpya. Ni ule ule.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandikia bandani, juu ya gunia. Mchana.

Alivaa blauzi. Alinawa uso. Hakupika kitu, alisema hataki chungu kimwite katikati. Tukakaa barazani, yeye na beseni la pilipili nzima chache zilizobaki, anatoa vikonyo kwa mkasi, macho hayahitaji. Nikaanza.

Nilisoma vizuri. Sijapata kusoma vizuri namna ile. Kioo, karani, mwanamke. Nilipofika kwenye jiko mkasi ulikuwa unakwenda polepole. Nilipofika kwenye kinu akacheka kidogo. "Ulikivunja wewe kile, ukasema paka." Nikaendelea.

Kitabuni kumeandikwa: baba akaingia jikoni na chupa. Nikasoma, mama akaingia jikoni na chupa. Likatoka laini. Mkasi haukusimama. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa anakitegemea. Nikaona imepita. Nilikuwa nimeshika mwendo, nikasoma iliyofuata kama ilivyo: akavua saa mkononi, akaiweka kando ya chupa, akanawa mpaka kwenye viwiko.

Mkasi ukasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Mama akaingia. Akavua saa. Nimeshaisoma, ningeirukaje mara ya pili?

Akasema, "Mimi sijawahi kuvaa saa, Baba Bogyong."

Nikasema ni hadithi, wanaongeza vitu.

"Kinu hajaongeza. Ufa hajaongeza." Alikuwa anatazama upande wangu, kwa macho yale yasiyoona. "Mwaka ule saa kijiji hiki zilikuwa ngapi?"

Zilikuwa mbili. Ya mwalimu mkuu na ya kwangu. Nilikuwa nikikunja mkono wa shati ili watu waione.

Akasema, "Rudia tena. Soma kilichoandikwa." Hakupaza sauti.

Nikamwambia mbona kuna wingu, pilipili ziko kwenye mikeka, zitalowa. Nikainuka. Hakuna wingu. Mbingu nyeupe toka asubuhi. Zile za kwenye mikeka hazijai hata gunia. Nimekuja huku, nimefunga mlango, nikachukua daftari.

Hajanifuata. Namwona kwenye ufa wa mbao. Kakichukua kitabu, kakiweka juu ya magoti, anapitisha kidole kwenye ukurasa, mstari kwa mstari, kana kwamba maandishi yana mwinuko. Beseni limepinduka na hajaliinua.

Sasa ameita. Si Baba Bogyong. Ameita Namgung Deokchil — jina langu lote, kama linavyoitwa dirishani pale ofisi ya wilaya. Miaka hamsini na saba ya ndoa hajawahi kulitamka. Sikujua kama analijua vizuri hivyo.

Nimesema nakuja.

Ameita mara ya pili. Bado nimekaa juu ya gunia, naandika kwamba nimesema nakuja